Msonobari na baridi: tulipie asili ya mbegu au malezi ya mche?

Mkaazi wa Mombasa aliye na kipande cha ardhi bara, kiwe Wundanyi, Limuru au Kinangop, akitaka kukipanda misonobari, hufika mahali ambapo pesa zake hazina budi kufuata njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kununua mbegu au miche ambayo asili yake inajulikana: ilichumwa kwenye miti gani, miti hiyo ilisimama wapi, na katika mwinuko gani. Mbegu ya namna hiyo huuzwa ghali kidogo na aghalabu huagizwa mapema. Njia ya pili ni kuchukua mbegu yoyote ya msonobari inayopatikana dukani, kisha pesa na nguvu zikaelekezwa kwenye malezi, yaani kitalu, udongo, ukomazaji wa miche (kuizoesha baridi kabla ya kupandwa) na mahali pa kuipanda. Ninazilinganisha njia hizi kwa kigezo kimoja tu, nacho ni baridi, kwa sababu baridi ndiyo iliyonitia hasara mimi mwenyewe, na kwa sababu mambo mengine yote ya msonobari, tangu bei ya mbao za paina hadi magonjwa yake, yanahitaji makala yake.

Kwanza tuelewane ni baridi gani inayozungumzwa. Kipupwe cha Mombasa kinaposhuka hadi nyuzi 20 alfajiri, watu huvaa sweta na watoto hulia kwenye maji ya kuoga, lakini hakuna mmea unaokufa kwa hilo. Baridi inayoua mche ni jalidi, ule umande unaoganda juu ya majani katika usiku usio na mawingu wala upepo, na katika nyanda za juu za Kenya usiku wa namna hiyo hutokea zaidi kati ya Disemba na Februari. Ni msimu ule ule wa kaskazi ambapo huku kwetu watu hutoa mikeka wakalala barazani kwa joto. Aliye pwani hupata shida kuamini kwamba saa hiyo hiyo, mwendo wa siku moja kwa gari, nyasi zimekuwa nyeupe. Mimi sikuamini mpaka niliposimama juu yake.

Jalidi hainyongi mti kwa kuupasua kama chupa ya maji iliyosahauliwa ndani ya friza. Ndani ya jani la msonobari, lile jembamba kama sindano, maji huanza kuganda katika nafasi zilizo baina ya seli, na barafu hiyo huyavuta nje maji yaliyo ndani ya seli, hata seli ikakaushwa ilhali imezungukwa na maji. Kwa hakika mti hufa kwa kiu. Seli inayopona ni ile iliyojiandaa mapema: imeweka akiba ya sukari, imetengeneza protini zinazozuia viungo vyake visiharibike inapokauka, na imebadilisha aina ya mafuta yaliyomo katika utando wake. Hili la mafuta mtu wa pwani hahitaji maabara kulielewa. Asubuhi ya kipupwe mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa, na mafuta ya alizeti yaliyo kando yake kwenye rafu ile ile hubaki maji. Utando wa seli iliyokomaa kwa baridi umesogea kutoka tabia ya nazi kwenda tabia ya alizeti, ili usikakamae na kupasuka. Maandalizi hayo huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo hoja ya urithi (asili ya mbegu) na mazingira (malezi ya mche) si hoja ya nani mwenye nguvu zaidi. Ni hoja ya nani anayeuambia mti uanze kujiandaa, na nani aliyeweka mpaka wa maandalizi yenyewe.

Upande wa mazingira

Anayetetea malezi ana hoja moja nzito kuliko zote, nayo ni mti mmoja unaotazamwa mara mbili kwa mwaka. Msonobari wa Skoti, Pinus sylvestris, unaoota tangu Uhispania hadi Siberia, unaweza kuvuka usiku wa nyuzi 40 chini ya sifuri katikati ya majira ya baridi bila kupoteza hata chipukizi moja. Mti huo huo ukikutwa na nyuzi chache tu chini ya sifuri mwezi wa Juni, wakati machipukizi yake yanarefuka, huungua. Jeni zake hazikubadilika kati ya Januari na Juni. Kilichobadilika ni yale yaliyoupata.

Katika nchi za kaskazini yanayoupata huja kwa hatua. Usiku unapoanza kurefuka mwishoni mwa kiangazi, mti huacha kurefuka, hufunga tumba lake la juu, yaani chipukizi la nchani, na kuingia hatua ya kwanza ya ukomavu hata kama hewa bado ni ya uvuguvugu. Hatua ya pili huja na ubaridi wenyewe, siku kwa siku unapokaribia sifuri na kuivuka kidogo. Wenye vitalu wa Kanada na wa nchi za Skandinavia wameifanya elimu hii kuwa kazi ya kila mwaka: huifunika miche kwa mapazia meusi saa kadhaa kabla ya jua kutua, wakaidanganya kwamba usiku umerefuka, nayo hufunga matumba mapema. Nyuzilandi nako, ambako msonobari wa radiata ndio uti wa mgongo wa biashara ya mbao, ilionekana kwamba miche ya kitalu kimoja huvumilia nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri katikati ya baridi, lakini katika miezi ya joto huumizwa na nyuzi chache tu.

Kuna na mengine madogo ya mazingira ambayo yana uzito shambani. Mche wenye njaa ya madini haukomai vizuri, kinyume na dhana ya wengi kwamba kuunyima mbolea kunaufanya mgumu. Mizizi haivumilii baridi kiasi cha matawi, kwa hiyo mche uliomo ndani ya kiriba juu ya meza ya kitalu huwa hatarini kuliko mwenzake aliye ardhini. Na msonobari hauli peke yake: mizizi yake hushirikiana na kuvu fulani, na mahali ambapo misonobari haijawahi kupandwa kuvu hao huwa hawapo, ndiyo sababu wenye vitalu hutia ndani ya viriba kiasi cha udongo uliotoka chini ya misonobari mikubwa. Nitalirudia hili, maana liliniharibia jaribio langu.

Upande wa urithi

Sasa tuvuke upande wa pili, ambao ushahidi wake ni wa zamani zaidi. Kuanzia miaka ya 1820 Philippe-André de Vilmorin alipanda katika shamba lake la Les Barres, nchini Ufaransa, misonobari ya Skoti iliyotoka sehemu mbalimbali za Ulaya, yote katika udongo mmoja na hewa moja, na bado tofauti za asili zao zikaendelea kuonekana. Mwaka 1936 Olof Langlet wa Uswidi alichapisha utafiti wake juu ya mti huo huo, akaonyesha kwamba tofauti hizo haziji kwa makundi yaliyotengana kama makabila, bali hubadilika kidogo kidogo, mfululizo, kadiri mtu anavyotoka kusini kwenda kaskazini. Kila asili ina urefu wake wa usiku inaoungojea. Ile ya kaskazini ya mbali husimama kukua usiku ukiwa bado mfupi, kwa kuwa huko kwao baridi haichelewi. Ya kusini hungoja usiku mrefu zaidi. Ukiipeleka ya kusini kaskazini, baridi huikuta bado inarefuka. Ukiipeleka ya kaskazini kusini, hupona, lakini hulala mapema ilhali jirani zake bado wanafanya kazi, na mwisho wa miaka 20 mbao zake ni chache.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kusikiliza kwa makini. Ustahimilivu wa baridi haupatikani bure. Mara nyingi hulipiwa kwa kasi ya ukuaji. Muuzaji anayekuambia kwamba mbegu yake haishindwi na baridi yoyote na pia hukua haraka kuliko zote anakuuzia maneno.

Jambo jingine ni kwamba hakuna jeni moja ya baridi ambayo mti unayo au hauna. Sifa hii huundwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na ndani ya msitu mmoja mti na mwenzake hutofautiana, ndiyo maana uteuzi wa miti ya kuchumiwa mbegu huzaa matunda. Wanaochunguza misonobari ya Ufini wamekuta jambo la kushangaza kidogo: ukipima vipande vya jeni visivyohusika na sifa yoyote, miti ya kusini na ya kaskazini hufanana mno, kwa kuwa chavua husafiri mbali kwa upepo na kuwachanganya, lakini ukipima siku ambayo miche yao hufunga tumba, tofauti ni kubwa. Upepo unachanganya, baridi inachambua. Na chavua hiyo hiyo humletea mnunuzi tatizo, kwa sababu mbegu huwa na mama anayejulikana na baba asiyejulikana. Mashamba ya mbegu ya Skandinavia yaliyowekwa kusini ili miti ya kaskazini izae vizuri yamekuwa yakipokea chavua ya misonobari ya jirani, na watoto wakatoka dhaifu mbele ya baridi kuliko mama zao. Kwa hiyo hata karatasi inayotaja mti mama husema nusu tu ya nasaba.

Mfano ninaoupa uzito kuliko yote ni wa Landes, kusini magharibi mwa Ufaransa. Huko kuna msitu mkubwa wa kupandwa wa msonobari wa pwani, Pinus pinaster. Mioto ya miaka ya 1940, ukiwemo ule wa Agosti 1949 ulioua watu 82, iliteketeza sehemu kubwa ya msitu, na katika haraka ya kuurudisha mbegu za hapo hazikutosha, zikaletwa nyingine kutoka rasi ya Iberia, hasa Ureno. Miti ya Kireno iliota vizuri. Kwa miaka zaidi ya 30 hapakuwa na sababu ya kuilalamikia. Ilikuwa misonobari kama misonobari mingine, ya jamii ile ile, katika mchanga ule ule, ikitunzwa na watu wale wale. Kisha Januari 1985 ikaja baridi kali isiyokuwa ya kawaida kwa nchi hiyo, na maelfu ya hekta za miti yenye asili ya Ureno zikafa, huku miti ya asili ya Landes iliyokuwa jirani ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Tazama ni muda gani ulipita. Mkulima aliyepanda mche wa asili isiyofaa hakuambiwa kosa lake mwaka wa kwanza, wala wa kumi; aliambiwa mti ulipokaribia kumlipa. Malezi mabaya hujionyesha mapema, yakaudhi, yakarekebishwa. Asili mbaya hunyamaza. Kwangu mimi tofauti hiyo ya ukimya ina uzito kuliko hoja nyingine yoyote iliyomo katika ulinganisho huu.

Kuna kisa kinachovuruga mpaka baina ya pande hizi mbili, nami nakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba mpaka wenyewe tumeuchora sisi. Watafiti wa Norwei, wakichunguza msprusi wa Ulaya, ndugu wa karibu wa msonobari, waligundua kwamba mbegu zilizokomaa juu ya mama aliyeko mahali pa joto huzaa miche inayochelewa kufunga tumba, na kwa hiyo yenye kudhurika zaidi na baridi ya mapema, kuliko mbegu za wazazi hao hao zilizokomaa mahali pa ubaridi. Jeni ni zile zile. Mbegu imekumbuka hali ya hewa ya siku zake za tumboni. Je, huo ni urithi au ni malezi? Mchumaji wa mbegu hahitaji kujibu. Anachohitaji ni kujua mbegu ilikomaa wapi, si miti mama ilitoka wapi peke yake.

Yanayobadilika karibu na ikweta

Karibu yote niliyoyasema hapo juu yametoka katika nchi zenye majira manne, na mtu akiyabeba jinsi yalivyo hadi Kinangop atapotea. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki nusu saa. Kinangop, iliyo chini ya nyuzi moja kutoka ikweta, tofauti hiyo ni ya dakika chache tu. Kengele ya usiku mrefu, ambayo ndiyo inayouamsha msonobari wa kaskazini ujiandae, huku hailii kamwe. Jalidi huja ghafla usiku mmoja wa Januari, na mchana wake jua ni kali na hewa ina uvuguvugu wa kutosha kuuhimiza mti uendelee kukua. Msonobari uliorithi uwezo wa kuvumilia nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini uwezo huo umefungiwa nyuma ya kengele isiyolia, hauna faida yoyote kwa mkulima wa Nyandarua, kaunti iliyo na Kinangop. Tena mchana wa saa 12 mwaka mzima huuchukulia kuwa vuli isiyokwisha, ukabaki kibeti.

Kinachotakiwa huku ni mti ambao wazazi wake waliishi na jalidi nyepesi za milima ya tropiki, wakikua karibu mwaka mzima huku wakipigwa na usiku wa baridi wa hapa na pale. Ndiyo sababu Pinus patula, unaotoka milima ya Meksiko, ndio ulioshika nafasi katika mashamba ya miti ya nyanda zetu za juu. Nafasi hiyo haukuipata kwa baridi pekee: Pinus radiata wa California uliwahi kupandwa sana Kenya, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa kuvu wa Dothistroma uliyaangusha majani yake kiasi cha upandaji wake kusimamishwa. Mti unaofaa kwa baridi unaweza usifae kwa jambo jingine.

Ndani ya misonobari hii ya Amerika ya Kati na Meksiko, asili inaendelea kuhesabika. Pinus greggii wa kaskazini mwa Meksiko huvumilia baridi kuliko ndugu yake wa kusini mwa nchi hiyo hiyo. Pinus tecunumanii wa miinuko ya juu huvumilia kuliko wa miinuko ya chini. Afrika Kusini, ambako kuvu mwingine, Fusarium circinatum, umekuwa ukiua miche ya patula, wenye mashamba wamegeukia chotara wa patula na tecunumanii. Chotara aliyetokana na tecunumanii wa chini hustahimili ugonjwa vizuri zaidi lakini jalidi humwonea, kwa hiyo mahali penye baridi hawampandi. Na Pinus caribaea, wa tambarare za Karibi na Amerika ya Kati, hauna kinga ya jalidi hata kidogo kwa kuwa wazazi wake hawakuwahi kuhitaji. Mwenye shamba Kwale, karibu na misonobari ya kupandwa iliyoko Shimba Hills, aufikirie huo. Wa Kinangop auache.

Pakiti moja, vitalu viwili

Nilijua machache kati ya haya niliponunua pakiti ya mbegu za patula katika duka moja la pembejeo hapa mjini. Juu ya pakiti paliandikwa jina la mti na tarehe. Asili haikutajwa, nami sikuuliza. Nusu niliziotesha nyumbani Kisauni, ndani ya viriba, chini ya kivuli cha mwarobaini. Nusu nikampa shemeji yangu, mume wa dada yangu, azioteshe kwake Kinangop. Novemba nikapakia miche yangu 60 katika makreti ya soda, nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, kisha matatu mbili. Shemeji alipoitoa kwenye makreti aliushika mmoja kwa shina, akauinua machoni na kuutikisa kidogo. Mrefu, laini, wa kijani cha kupauka.

“Shemeji,” akasema, “hawa umewaleta na kanzu tupu. Hukuwafungia hata koti?”

Miche yake ilikuwa mifupi karibu kwa nusu, minene shinani, na majani yake yalikuwa yamekaa karibu karibu. Tulipanda yote kwa pamoja, mingine juu ya mteremko, mingine katika kibonde kando ya kijito ambako udongo ni mweusi na mzuri kuliko kwingine shambani. Nilikipenda kibonde hicho. Nilisisitiza kitumike.

Katikati ya Januari nilirudi. Kwenye mteremko, miche ya shemeji ilikuwa mizima, ila ncha za majani machache zilikuwa zimebadilika rangi. Yangu mingi ilikuwa myekundu ya kahawia kama kutu. Nilichukua wembe nikalipasua tumba la juu la mche mmoja wa Kisauni kwa urefu: ndani lilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, limelegea, na harufu yake ya utomvu imechacha. La mche wa shemeji uliosimama hatua mbili kutoka hapo lilikuwa la kijani kibichi, lenye unyevu, likanata kidoleni. Pakiti moja, mteremko mmoja, usiku mmoja. Hapo nikataka kuandika kwamba malezi yameshinda.

Halafu tukashuka kibondeni. Humo ilikuwa imekufa yote, ya kwangu na ya kwake. Hewa baridi ni nzito. Katika usiku usio na upepo, hewa hiyo huteremka kama maji na kutuama mahali pa chini, na ule udongo mweusi niliouona kuwa neema ulikuwa sakafu ya birika. Miche ya shemeji iliyolelewa kwa baridi ya Kinangop tangu kuota haikufua dafu kwa hatua zisizofika 40 za kushuka.

Sharti niseme pia kwamba jaribio langu halikuwa safi. Kisauni sikuwa na udongo wa misonobari, kwa hiyo miche yangu haikuwa na kuvu wa mizizini, na ule upauke wake ulikuwa njaa pamoja na joto. Sehemu ya vifo vile ni ya jalidi, sehemu ni ya udhaifu uliotangulia, nami siwezi kuzitenganisha. Na zaidi ya hayo, kwa kuwa mbegu zote zilitoka pakiti moja, jaribio langu halikuwa na lolote la kusema juu ya asili. Lilipima malezi na mahali, basi.

Kuchagua

Kwa mtu mwenye shamba katika milima ya Taita, jibu ni jepesi. Baridi ya Wundanyi ni ya ukungu na manyunyu kuliko ya jalidi, na patula wa asili yoyote ya kuaminika utaivumilia. Pesa iende kwenye kitalu na palizi. Fikiria pia kama unahitaji msonobari hata kidogo, kwa kuwa huko miti ya kienyeji ina kazi ambayo msonobari hauwezi kuifanya, hasa juu ya vyanzo vya maji.

Kwa mwenye shamba Kinangop au mahali popote ambapo majirani wanakumbuka nyasi kuwa nyeupe, ningezipanga pesa hivi. Mahali pa kupanda pachaguliwe kwanza, kwa kuwa hakugharimu kitu: tembea shambani alfajiri moja ya Januari kabla ya jua, uone weupe umetuama wapi, na hapo usipande msonobari. Baada ya hapo, ikiwa shamba ni la ekari kadhaa na unangoja mbao za miaka 20 au zaidi, lipia asili. Kituo cha mbegu cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, kilichoko Muguga ni mahali pazuri pa kuanzia, na wa pwani wanaweza kuanza kwa kuuliza katika kituo cha taasisi hiyo kilichoko Gede. Uliza mambo matatu: mbegu ilichumwa msitu gani, katika mwinuko gani, na miti mama asili yake ni ipi. Asiyeweza kujibu hata la kwanza, mshukuru na uendelee na safari. Ikiwa ni miti 30 ya uzio na kivuli, gharama ya asili haina maana sana. Nunua miche iliyooteshwa karibu na shamba lako na katika mwinuko wako, maana mche utakaokufa utaonekana umekufa ndani ya mwaka na kuubadilisha ni rahisi.

Anayeshindwa kabisa kulipia vyote viwili katika shamba kubwa, na wengi wetu tuko hapo, apunguze ukubwa wa shamba badala ya kupunguza ubora wa mbegu. Apande ekari moja ya asili nzuri mwaka huu na nyingine mwaka ujao. Najua ushauri huu haupendezi kwa mtu aliyekwisha kukodi trekta, lakini mche uliolelewa vibaya hufa mbele ya macho yako, na ule wa asili mbaya hungoja usiku mmoja baada ya miaka mingi, kama wale wa Landes.

Wala miche ya kwenda bara isioteshwe Mombasa, hata ukiwa na mbegu bora kuliko zote. Ikiwa imekwisha kuota huku, ipelekwe mapema, ikae katika kitalu cha huko juu kwa miezi kadhaa, kivuli kikipunguzwa wiki hadi wiki, ndipo ipandwe. Na ipandwe masika yanapoanza, ili iwe na miezi ya kushika ardhi kabla Januari haijafika. Mimi niliipanda Novemba, nikaipa wiki kadhaa tu.

Kile kibonde shemeji amekipanda nyasi za ng’ombe. Mteremko tumeujaza tena, safari hii kwa mbegu yenye karatasi, iliyooteshwa kwake kuanzia siku ya kwanza. Kazi yangu kutoka Mombasa imekuwa kupiga simu kila kaskazi inapovuma, usiku ninapokosa usingizi kwa joto, kumuuliza kama mbingu za huko zina mawingu.